Funza Ndani ya Embe: Dawa Iko Chini ya Mti



Mwezi huu ukurasa wa shamba unaongea juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua: funza ndani ya matunda. Embe linapendeza kwa nje, limeiva, linanukia. Mtoto anauma mara moja, anatema. Ndani kuna funza weupe wanarukaruka. Mama aliyebeba beseni sokoni naye anarudi nalo karibu lote, kwa sababu mnunuzi akikata moja akute funza, hayo mengine hata hayaangalii.

Kwa familia ya mkimbizi hiyo si hasara ndogo. Mgao wa chakula hapa Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na tangu 2023 familia zinagawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji. Mwembe mmoja au mipapai miwili nyuma ya nyumba ni mboga, ni daftari, ni sabuni. Tena embe na papai zilizoiva zina vitamini A, ile inayolinda macho na afya ya watoto wetu. Funza wakila matunda, wanatula sisi.

Sisi walimu wa kujitolea tunasikia majibu ya aina mbili. Wa kwanza anasema, "Ni kazi ya Mungu, miti imezeeka." Wa pili anasema, "Tununue dawa tupulize." Wote wawili tunawaheshimu, lakini jibu haliko huko. Tusomeni pamoja.

KWA NINI TUNAITAJA NABUYOGA

Nabuyoga ni sabukaunti katika wilaya ya Tororo, upande wa West Budama, kwa ndugu zetu Jopadhola. Si mbali na Mulanda, pale ambapo familia nyingi zilizokimbia vurugu za uchaguzi Kenya zilipokewa mwanzoni mwa 2008, baada ya kuvuka Malaba na Busia, kabla ya kupelekwa Kiryandongo mwaka huo huo. Wazee wetu wa wakati ule wanaikumbuka miembe ya upande ule.

Mti wa embe kule mara nyingi haukupandwa na mtu. Mtu alikula, akatupa kokwa, mti ukaota. Ni mti wa boma, kivuli cha wageni, mahali pa watoto kucheza. Na mpaka uko karibu: Busia ni jina la mji wa Uganda na pia la mji wa Kenya, vinatenganishwa na geti tu. Magunia ya maembe, machungwa na ndizi yanavuka kila siku, mengine kwa lori, mengine kwa baiskeli. Sasa kinachotembea na matunda ni nini? Ni wadudu na magonjwa. Kwa hiyo ukitaka kuelewa adui wa matunda yetu, angalia sehemu kama Nabuyoga, ambako hakuna mwenye shamba aliye peke yake.

MGENI KUTOKA ASIA

Nzi wa matunda walikuwepo Afrika tangu zamani. Lakini mwaka 2003 watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walikuta pwani ya Kenya nzi wasiyemjua. Alikuwa ametoka Asia. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Baadaye, mwaka 2015, walikubaliana kwamba ni yule yule wa Asia anayeitwa Bactrocera dorsalis. Jina lilibadilika, tabia haikubadilika. Ndani ya miaka michache alikuwa ameingia Tanzania, Uganda na nchi nyingi za Afrika.

Anapenda embe kuliko yote, lakini mapera, machungwa, papai na parachichi pia hayaachi. Mahali ambapo watu hawamzuii, watafiti wameona hasara ya embe kati ya asilimia 40 na 80, kutegemea mahali, aina ya embe na msimu. Yaani katika maembe 10, unaweza kupoteza 4 hadi 8.

Nzi huyu si yule wa chooni. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, ana rangi ya kahawia na alama za njano mgongoni, mbawa zake zinapitisha mwanga, na kiuno chake kinafanana na cha nyigu.

MAISHA YAKE, NA UDHAIFU WAKE

Hapa ndipo pa kusoma polepole, kwa sababu ukijua anavyoishi unajua pa kumpigia.

Kwanza, jike anatoboa ngozi ya embe linaloanza kuiva na kutaga mayai ndani. Kwa nje unaona kidoa kidogo tu, pengine na utomvu unatoka. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai maishani mwake.

Pili, baada ya siku moja au mbili mayai yanaanguliwa. Funza wanakula nyama ya embe kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi. Embe linaoza kutoka ndani, na mara nyingi linaanguka.

Tatu, funza akishashiba anatoka kwenye embe, anaruka, anajifukia kwenye udongo sentimita chache tu chini. Hapo anageuka kuwa kitu kama punje ndogo ya kahawia, hakisogei.

Nne, baada ya wiki moja na nusu au mbili, punje inapasuka, nzi mpya anatoka, anatafuta chakula, anatafuta mwenzi, na kazi inaanza tena.

Umeona? Embe lililoanguka ukaliacha pale chini kwa wiki moja ni kiwanda. Embe moja linaweza kutoa nzi wengi, na hao wote watapanda mti huo huo, au watavuka ua kwenda kwa jirani.

Watoto wanaweza kujionea wenyewe. Weka mchanga mkavu kidogo kwenye kopo, weka juu yake embe lililoanguka, funga mdomo wa kopo kwa kitambaa chepesi na kamba. Liache kivulini. Baada ya wiki mbili au tatu, angalia kinachoruka ndani. Ukimaliza usifungue! Mwagia maji ya moto kupitia kitambaa, na hiyo kazi ifanywe na mtu mzima. Somo hili linaingia akilini kuliko maneno yetu ubaoni.

KWA NINI DAWA YA KUPULIZA INATUANGUSHA

Ukipuliza mti mzima kwa dawa ya nyanya ama ya pamba, unagusa ngozi ya embe. Funza yuko ndani, hapati. Punje iko kwenye udongo, haipati. Unaua nzi wachache waliokuwa wametua siku hiyo, na kesho wengine wanatoka kwa jirani. Unawaua pia nyuki, na wadudu wanaotusaidia.

Halafu fikiria watoto. Mtoto wa kambi haoshi embe. Anapanda, anachuma, anakula akiwa juu ya mti. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla tunda halijaliwa, na zimeandikwa kwenye chupa. Lakini dawa nyingi tunazopata zimepimwa kwenye chupa za soda bila karatasi yoyote. Hatuwezi kujua ni nini wala ni siku ngapi. Afadhali embe lenye funza, mtoto atatema. Sumu haionekani.

KAZI SITA ZA MIKONO

1. Okota kila tunda lililoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, na kila siku kama unaweza wakati wa msimu. Chuma pia yale yaliyotobolewa ambayo bado yako mtini. Mapera yaliyooza msiyasahau, kwa sababu nzi anajificha huko maembe yakiisha.

2. Yaue yaliyomo. Chimba shimo, mwaga matunda, fukia kwa udongo wa kina cha nusu mita au zaidi, yaani karibu urefu wa mkono mzima wa mtu mzima, kisha kanyaga. Shimo fupi ni kazi bure, nzi anapanda juu. Njia nyingine ni kuyafunga ndani ya kaveera nyeusi isiyo na tundu na kuiacha juani siku kadhaa mpaka funza wote wafe. Walio Kenya wakumbuke kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku huko tangu 2017, basi shimo ndilo la uhakika. Mwenye nguruwe anaweza kumpa matunda hayo siku hiyo hiyo, yasilale. Usiyatupe kwenye jalala wala kwenye mbolea ya wazi.

3. Achilia kuku chini ya mti. Wanapekua udongo na kula funza na zile punje. Fagia majani makavu ili wafike chini.

4. Vuna mapema. Embe lililokomaa likiwa bado la kijani halimvutii nzi kama lililoiva. Livune, likaivie ndani ya nyumba, limefunikwa vizuri.

5. Funika matunda ya mti mfupi. Papai, pera na embe la kupandikiza unaweza kuyavika gazeti ama mfuko wa karatasi yakiwa bado machanga na magumu. Funga kwa kamba ya mgomba. Ni kazi ya watoto ya Jumamosi.

6. Kama kikundi kina pesa kidogo, tumieni mitego. Kuna mtego wa harufu inayowavuta madume, na kuna chambo cha chakula kinachovuta majike pia, kwa sababu jike anahitaji chakula chenye protini ndipo atage. icipe imeonyesha kuwa mabaki ya hamira kutoka viwanda vya bia yanaweza kutengenezwa kuwa chambo hicho. Kinawekwa sehemu ndogo tu ya mti mara moja kwa wiki, si kwenye matunda. Lakini mtego bila kuokota matunda ni kama kuchota maji kwa pakacha.

WALINZI WASIOLIPWA MSHAHARA

Wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, watu wa pwani wanawaita maji moto kwa sababu ya uchungu wa meno yao. Wengi tunawachoma moto. Kumbe ni askari. Wanatembea juu ya matunda mchana kutwa, na nzi wa matunda anaogopa hata harufu yao. Utafiti uliofanywa Benin, Afrika Magharibi, umeonyesha kuwa miembe yenye chungu hao ilipata funza wachache zaidi. Wakulima wa huko hujipaka majivu mikononi na miguuni wanapovuna ili wasiumwe sana. Na Wachina wamewatumia ndugu za chungu hao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1000.

Askari wa pili ni nyigu mdogo wa milimita chache tu. Mwaka 2006 icipe walimleta Kenya kutoka Hawaii. Jina lake ni Fopius arisanus. Hang'ati mtu. Anatafuta mayai ya nzi ndani ya tunda na kutaga lake humo humo. Funza anakua, lakini mwishoni anayetoka ni nyigu, si nzi. Hawa wote wawili wanakufa ukipuliza dawa ovyo ovyo.

MNYAUKO WA NDIZI UNAFUATA SHERIA HIYO HIYO

Wasio na mwembe wana migomba, na ugonjwa wake mkubwa tunaujua: mnyauko unaoletwa na bakteria. Ulionekana kwanza Ethiopia kwenye mmea unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, wilaya ya Mukono, na mwaka huo huo Masisi, Kivu Kaskazini, ambako baadhi yenu mnatoka. Mwaka 2006 ulikuwa umefika magharibi mwa Kenya, upande wa mpaka huu huu wa Busia.

Dalili zake: majani yananjanika na kunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ukikata ndizi ndani ni kahawia, ukikata shina unatoka uchafu wa njano. Ugonjwa huu haumdhuru mtu, lakini mkungu hauliki.

Unasafiri kwa njia tatu kubwa. Wadudu wanaotembelea lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Panga lililokata mgomba mgonjwa likaenda kukata mzima. Na miche iliyochukuliwa kwenye shamba lenye ugonjwa.

Dawa ya kupuliza haipo kabisa. Iliyopo ni mikono. Kichane cha mwisho kikishatokea, vunja lile ua kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Panga lichome kwenye moto mpaka liwe la moto kweli, au lioshe kwa maji ya Jik, kabla ya kwenda mgomba mwingine. Usipokee mche kama hujaona shamba ulikotoka.

Zamani tuliambiwa ung'oe shina lote na vichipukizi vyake. Kina mama wengi walishindwa, ni kazi ya wanaume wanne. Baadaye watafiti na wakulima wa mashariki mwa Kongo walijaribu njia nyepesi: kata shina linaloumwa tu, usawa wa ardhi, mara unapoona dalili, kisha rudi kukagua kila wiki. Ugonjwa ulishuka sana bila kupoteza shamba lote. Ni njia iliyothibitishwa Kivu, kwa watu wa kwetu, na leo inafundishwa kwingi.

JIRANI NDIYE DAWA

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme mama mmoja anaokota maembe yake yote na kuyafukia, lakini majirani watano wanaacha ya kwao yaoze. Nzi wana mbawa. Ndani ya wiki mbili tatu wako kwake, na yeye atasema, "Nilijaribu, haifanyi kazi." Inafanya kazi. Ila haifanyi kazi kwa mtu mmoja.

Kenya ilijifunza hivyo kwa gharama. Mwaka 2014 ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na biashara hiyo ikafunguliwa tena 2021. Kati ya yaliyofanyika ni kuchagua maeneo, kama huko Makueni, ambako wakulima wa sehemu nzima wanaweka mitego na kusafisha mashamba kwa pamoja. Si shamba moja bora, ni kijiji kizima.

Hata mwembe wa Nabuyoga ambao haukupandwa na mtu unahitaji mtu wa kuokota chini yake. Na kambini miti mingi ni hivyo: iko njiani, iko shuleni, iko karibu na bomba la maji. Mti usio na mwenyewe ndio unaozaa nzi wa wote. Kwa hiyo tunapendekeza kila bloku ichague siku mbili za kuokota, kwa mfano Jumatano na Jumamosi, na shimo moja la pamoja. Wazee wa bloku waongee pia na wenyeji wenye mashamba ya jirani, kwa heshima, kwa sababu nzi haulizi kitambulisho. Kazi kama hii imewahi kupatanisha watu kuliko mikutano mingi.

"NIPANDE MTI KWENYE ARDHI ISIYO YANGU?"

Swali hili tunaulizwa sana, na si swali la uvivu. Mtu aliyeacha shamba lake na miti yake nyuma ana haki ya kuogopa kuanza tena. Kesho anaweza kurudi nyumbani, ama kupelekwa nchi nyingine, ama kuhamishiwa bloku nyingine.

Jibu letu ni hili. Papai linaweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Mgomba ni mwaka mmoja ama mmoja na nusu. Mwembe wa kupandikiza unaanza kuzaa miaka mitatu hivi. Wengi wetu tulipofika tulisema tutakaa miezi sita. Hesabu mwenyewe umekaa miaka mingapi. Na ukiondoka, yule utakayemwachia kivuli atakuwa mtoto wa mtu. Ujuzi huu nao hauhitaji lori la kuuhamisha. Utarudi nao Kivu, Bungoma ama Juba, na nzi utamkuta anakusubiri.

Wazazi wapendwa, wiki hii fanyeni mambo matatu tu. Tembeeni chini ya miti yenu mwokote kila kilichoanguka. Chimbeni shimo la kina cha mkono. Kisha mwite jirani wa kulia na wa kushoto, mwonyesheni funza, mwambie anakotoka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hakivunji funza pia.

Maswali yenu leteni shuleni, kila siku baada ya vipindi tupo.